Maswali mnayoniuliza sana kuhusu haki ya kupata taarifa za serikali (kwa watu wa Dodoma na kanda ya kati)

Nimeamua kuyaweka yote hapa sehemu moja maana kila wiki napokea meseji zilezile, wa Nkuhungu anauliza, wa Kongwa anauliza, juzi kuna mzee wa Manyoni kauliza hayohayo tena. Soma swali linalokuhusu, mengine ruka. Swali la barua na la kukataliwa nimeyaandika marefu kwa sababu watu wengi wanakwama hapo.

Hivi kweli kuna sheria inayomlazimisha ofisa anipe taarifa, au ni maneno ya semina tu?

Ipo. Inaitwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Namba 6 ya mwaka 2016, ilipitishwa na Bunge hapahapa Dodoma Septemba 2016, na kanuni zake zikatoka 2017. Na hata kabla yake Katiba yetu ibara ya 18 inasema kila mtu ana haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari, na ana haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu mambo muhimu kwa maisha ya wananchi na kwa jamii. Kwa hiyo ukienda ofisini kuomba karatasi ujue huombi msaada, ni haki yako ndo unaidai, japo kwa heshima.

Mimi naona ni makaratasi tu. Yanaletaje uwazi serikalini?

Hili ndo swali ninalolipenda kuliko yote, na jibu zuri naliona India. Kule jimbo la Rajasthan, miaka ya 1990, wanavijiji walikuwa wanafanya vibarua kwenye miradi ya serikali, barabara, mabwawa na kadhalika, afu wanalipwa pungufu au hawalipwi kabisa, wakilalamika wanaambiwa kitabu kinaonyesha mmelipwa. Chama chao cha wakulima na vibarua kinaitwa MKSS kikaanza kutafuta nakala za hivo vitabu, orodha za mahudhurio, vocha, risiti za saruji. Kuanzia 1994 wakawa wanaitisha mkutano wa hadhara kijijini, wanakaa chini na maikrofoni, wanasoma jina moja moja mbele ya watu. Fulani kalipwa siku kadhaa za kazi. Watu wanasema huyo alishakufa. Fulani naye kalipwa. Huyo alishahama kitambo. Jengo fulani limekamilika na limelipiwa. Watu wanageuka wanaangalia, jengo halipo.

Yaani kabla ya hapo kila mtu kijijini alijua kuna wizi, ila alikuwa anajua kipande chake tu, kwamba mimi sijalipwa. Karatasi ndo ikaunganisha vipande vyote mbele ya watu wote kwa siku moja na mhusika akiwepo. Zile harakati zikakua mpaka India ikapata sheria ya nchi nzima mwaka 2005.

Uingereza nao, sheria yao ya 2000 ilianza kutumika 2005, waandishi wakaomba taarifa za posho na marejesho ya gharama za wabunge, Bunge likagoma, kesi ikafika Mahakama Kuu na mahakama 2008 ikasema toeni. Kabla hazijatolewa rasmi zikavuja kwenye gazeti la Daily Telegraph 2009, Spika akajiuzulu, na kuna wabunge walifungwa kabisa. Zilivuja ni kweli, lakini bila wale walioomba kwa barua miaka kadhaa nyuma zisingekusanywa kwenye faili tayari kwa kutolewa.

Halafu kuna faida ambayo haionekani kirahisi. Ofisa anayejua kwamba vocha anayoisaini leo inaweza kuombwa kesho na mama muuza mboga wa Majengo, anaisaini kwa uangalifu tofauti kabisa. Hiyo haiandikwi kwenye ripoti yoyote ila mimi naamini ndo kazi kubwa zaidi ya sheria hii.

Nani anaruhusiwa kuomba?

Raia wa Tanzania. Sheria imesema wazi kwamba "mtu" kwenye haki hii ni raia. Sio lazima uwe mwandishi wa habari wala mwanasheria wala uwe na asasi.

Ofisi gani zinabanwa?

Wizara, halmashauri, mamlaka na mashirika ya umma, zote. Na hapa wengi hawajui, hata taasisi binafsi iliyosajiliwa kama inatumia fedha za umma, au inashikilia taarifa zenye maslahi makubwa kwa umma, nayo imo. Ila sheria ni ya Tanzania Bara tu, Zanzibar haiwahusu.

Kaka naomba mfano wa barua, mimi kila nikiandika naambiwa haieleweki.

Shida kubwa ya barua nyingi ninazoletewa ni kuomba kila kitu. Mtu anaandika "naomba taarifa zote za matumizi ya fedha za maendeleo katika kata yetu". Hapo umempa ofisa nafasi ya kukuzungusha mwaka mzima, na kwa kweli hata ofisa mwema hajui aanzie wapi. Usiombe "taarifa", omba karatasi. Jiulize kama mradi huu umefanyika lazima kuna karatasi gani mahali? Kuna mkataba na mkandarasi au fundi, kuna lile jedwali la vipimo na gharama (wengi wanaliita BOQ), kuna hati za malipo, kuna muhtasari wa kikao kilichopitisha. Ziombe hizo kwa majina yake. Mfano:

*Mkurugenzi Mtendaji,*
*Halmashauri ya Wilaya ya ______.*

*YAH: MAOMBI YA KUPATA TAARIFA ZA UJENZI WA MADARASA MAWILI, SHULE YA MSINGI ______*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni raia wa Tanzania, mkazi wa kijiji cha ______. Kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa Na. 6 ya 2016, naomba nakala ya: (1) mkataba wa ujenzi, (2) jedwali la vipimo na gharama, (3) hati za malipo yote yaliyofanyika mpaka tarehe ya barua hii. Naomba kupewa kwa nakala ya karatasi. Napatikana kwa anwani na namba ya simu hapo chini.*

Basi. Usiweke malalamiko humo, usiweke "tumechoka kuibiwa", hata kama mmechoka kweli. Barua ya kuomba na barua ya kulalamika ni mbili tofauti, ukizichanganya watakujibu lalamiko na kuacha ombi.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Piga kopi mbili. Peleka masjala, sio kwa katibu muhtasi wala kwa jamaa yako anayefanya kazi pale, masjala. Moja wanabaki nayo, ya pili wakugongee muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na mtu asaini. Wakikwambia "iache tu hapo mezani tutaishughulikia", kwa upole sema mama naomba unigongee na yangu. Ule muhuri ndo unaanzisha kuhesabu siku, bila ule muhuri barua yako haijawahi kuwepo duniani, na nimeona watu wazima wanakaa miezi wakisubiri majibu ya barua ambayo hakuna anayekubali kuipokea. Kila taasisi inatakiwa iwe na ofisa taarifa aliyeteuliwa, muulizie kwa cheo chake, na kama wana fomu ijaze na uambatanishe barua yako.

Bibi yangu hajui kusoma na kuandika, na ndo mwenye shida yenyewe.

Aende mwenyewe aseme kwa mdomo. Sheria inatambua mtu asiyeweza kuandika kwa kutojua kusoma au kwa ulemavu, ofisa anapaswa kuyaandika maombi yake. Msindikize, asomewe kilichoandikwa kabla hajaweka dole gumba, na nakala apewe.

Wana siku ngapi za kujibu?

Siku 30. Kwangu ni nyingi. Kenya wao ni siku 21, na India kama taarifa inahusu uhai au uhuru wa mtu ni saa 48. Sisi kipengele cha dharura kama hicho tungekihitaji sana, fikiria mtu ambaye nyumba yake imewekewa X na anataka kuona ramani ya mipango miji kabla ya kubomolewa, siku 30 zitamsaidia nini?

Nimeambiwa nilipie. Ni halali?

Inaweza kuwa halali. Sheria inaruhusu ada, lakini isizidi gharama halisi ya kuandaa hiyo nakala. Kwa hiyo kama ni kurasa ishirini za fotokopi, bei yake unaijua, hata hapo stendi ya Nanenane unajua ni shilingi ngapi. Omba control namba na risiti. Ukiambiwa "tuachie ya maji kidogo" hiyo sio ada ya taarifa, hiyo ni rushwa na TAKUKURU wapo.

Taarifa gani haziwezi kutolewa?

Kifungu cha 6 kina orodha. Za ulinzi na usalama wa taifa, uhusiano wa kimataifa, zinazoweza kuharibu uchunguzi unaoendelea au kuhatarisha maisha ya mtu, faragha ya mtu binafsi, maslahi halali ya kibiashara, zinazoweza kudhuru sana uwezo wa serikali kusimamia uchumi, na mambo ambayo bado yanajadiliwa hayajafikiwa uamuzi wa mwisho. Nyingi zina mantiki, hakuna anayetaka faili lake la hospitali lisomwe na jirani.

Ila hicho cha "bado linajadiliwa" na hicho cha "kibiashara" ndo vichaka vinavyotumika sana. Mkataba umeshasainiwa na hela imeshalipwa unaambiwa ni siri ya biashara. Sheria hiyohiyo inamtaka anayekataa aangalie pia maslahi ya umma, haitoshi kusema tu "ipo kwenye orodha". Ukikataliwa mwambie akupe sababu kwa maandishi na ataje kifungu. Halafu andika upya uombe ile sehemu isiyo na siri. Kama jina la benki na namba ya akaunti ya mkandarasi ni siri sawa, fungeni hiyo, jumla ya kiasi alicholipwa nipeni.

Nina kiwanja tangu enzi za CDA (Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu), kila nikienda faili halionekani. Sheria hii inanisaidia?

Hili la viwanja Dodoma nadhani linazidi maswali mengine yote. CDA ilivunjwa Mei 2017 na majukumu yake yakahamia halmashauri, na tangu serikali ihamie huku na Dodoma kuwa jiji Aprili 2018 thamani ya ardhi imepanda, kwa hiyo karatasi iliyopotea leo ni hasara kubwa kwa mtu.

Ndio inasaidia. Omba nakala ya vitu vinavyokuhusu kwenye faili lako, barua ya toleo, risiti za malipo, mchoro wa eneo, na kama ulifanyiwa uthamini omba jedwali la fidia la eneo lako. Ukijibiwa kwa maandishi kwamba faili halipo, usikate tamaa, hiyo barua yenyewe ni ushahidi mkubwa kuliko kuambiwa kwa mdomo dirishani, maana taasisi ina wajibu wa kutunza kumbukumbu. Lakini faili la jirani yako huwezi kupewa lote, kuna faragha, na tangu 2022 kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ukitaka kujua tu nani mmiliki wa kiwanja chenye hati kabla hujanunua, njia yake ni upekuzi kwa msajili wa hati, unalipia na unapewa majibu, huna haja ya kupita huku.

Siku 30 zimepita kimya. Nifanye nini?

Hatua ya kwanza, andika kwa mkuu wa taasisi uombe mapitio, una siku 30 za kufanya hivyo, naye ana siku 30 za kuamua. Ambatanisha ile kopi yenye muhuri (unaona sasa kwa nini niliisisitiza). Usipoafiki, ndani ya siku 30 unakata rufaa kwa Waziri mwenye dhamana ya sheria, yaani Wizara ya Katiba na Sheria, na sisi wa Dodoma tuna bahati ipo Mtumba, huhitaji nauli ya kwenda mbali. Uamuzi wa Waziri ndo wa mwisho, isipokuwa kama taarifa yenyewe ipo kwenye taasisi iliyo chini ya Waziri huyohuyo, hapo unaenda Mahakama Kuu.

Nitasema ninachoamini. Hapa ndo sheria yetu imelegea kabisa. Mwananchi anayenyimwa taarifa na serikali anakata rufaa kwa mtu wa serikali, na hapo ndo mwisho. Kenya ukinyimwa unaenda Tume ya Haki ya Utawala, Uingereza kuna Kamishna wa Taarifa, India wana tume zao na ofisa anayekataa bila sababu anaweza kupigwa faini yeye mwenyewe, inakatwa kwake sio kwenye bajeti ya ofisi. Hicho kitu kimoja, chombo huru cha rufaa, kingebadilisha hii sheria kuliko semina zote. Wabunge wetu wanakaa hapahapa mjini miezi mitatu wakati wa bajeti, waulizeni.

Ukweli kaka, nikiomba si nitajitafutia matatizo?

Sitakudanganya. Sheria ya 2016 iliweka kifungo cha miaka 3 mpaka 5 kwa anayetoa taarifa zilizozuiliwa, na pia inakataza kupotosha taarifa uliyopewa. Lakini angalia makosa hayo ni yapi, kuomba sio kosa. Kwa hiyo ukipewa karatasi isambaze kama ilivyo, usikate kipande, usiongeze namba, maoni yako yaandike pembeni kama maoni. Na usipokee karatasi ya siri uliyoletewa gizani ukairusha kwenye grupu la mtaa.

Kama unaogopa kusimama peke yako, ombeni watu watano au kikundi chenu cha VIKOBA, kila mmoja aweke jina na saini. Na kama wewe ni mtumishi umeona uovu ofisini, njia yako ni nyingine, kuna Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015.

Kuna vitu naweza kuvipata bila kuandika barua?

Vingi, na watu hawavitumii. Ripoti za CAG, yaani Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kwa mfano. Yule anafanya kazi kwa ibara ya 143 ya Katiba, anamkabidhi Rais ripoti kila mwaka mwishoni mwa Machi, zinawekwa mezani Bungeni halafu zinakuwa wazi mtandaoni, na ile ya serikali za mitaa inataja halmashauri kwa majina. Tafuta jina la halmashauri yako humo ndani tu, usiogope ukubwa wa kitabu.

Kingine ni mkutano mkuu wa kijiji, kila mkazi wa miaka 18 na zaidi ni mjumbe, na unatakiwa kila miezi mitatu, mapato na matumizi yasomwe. Mbao za matangazo nazo. Kuna ofisi nyingi za vijiji huku kwetu utakuta ubao upo, umefungwa kioo na kufuli, ndani karatasi ya mapato na matumizi imepauka kwa jua mpaka tarakimu hazisomeki, robo ya mwaka ambayo hata mtendaji aliyeisaini alishahamishwa. Mwambie mtendaji abandike mpya, hilo ni ombi dogo na halihitaji muhuri. Baraza la madiwani pia ni la wazi, nenda ukakae usikilize.

Sisi ndo wa mwisho duniani au?

Hapana, ila hatukuwahi sana. Sweden ni tangu 1766, Marekani 1966, Afrika Kusini 2000, Uganda 2005, Rwanda 2013, Kenya mwaka uleule wetu 2016. Kilichoniuma ni kwamba tulijiunga na mpango wa kimataifa wa serikali za uwazi mwaka 2011 na 2017 tukajitoa. Siku ya dunia ya haki ya kupata taarifa ni 28 Septemba, itumieni kuomba nafasi ya kuongea shuleni au redioni.

Nimepata karatasi zangu hatimaye! Sasa nazifanyia nini?

Hongera sana. Usizifungie kabatini. Tafuta fundi wa mtaani unayemwamini, nendeni na lile jedwali la vipimo mpaka kwenye jengo. Jedwali linasema bati geji 28, panda ngazi usome maandishi kwenye bati, isije ikawa ni 30 ambayo ni nyembamba. Linasema madirisha mangapi, hesabu. Linasema milango ya mbao ngumu, gonga. Linasema tangi la maji la lita 5,000, tangi liko wapi? Andika kila kitu pembeni kwa kalamu, kilichopo na kisichopo, piga picha. Mkikuta kila kitu kipo na kimefanyika vizuri, semeni pia hadharani, mtendaji aliyefanya kazi safi anastahili kusikia hivyo mbele za watu.

Mkikuta mapungufu msianze na kelele, mpelekee mwenyekiti kwa maandishi mkitaka iwe ajenda ya mkutano, isiachwe kwenye mengineyo saa kumi na mbili jioni watu wakiwa wanaondoka. Siku ya mkutano someni ukurasa kwa ukurasa, muulizeni mhusika ajibu palepale, na mhakikishe majibu yake yanaingia kwenye muhtasari. Muhtasari ukishasainiwa, andika barua nyingine uombe nakala yake.